Sura ya 7: Neno la Wote, Neno la Sesheni

Mfanyabiashara wa Sirari akikuandikia namba ya simu inayoanza na 0712, bado hujajua utampigia mtu wa nchi gani. Upande huu wa mpaka, Tanzania, 0712 ni namba za mtandao uliokuwa ukiitwa Tigo na sasa unaitwa Yas. Ukivuka tu kuingia Isebania, Kenya, 0712 ni Safaricom. Zote mbili zina tarakimu kumi, zote zinaanza na sifuri, na mwenye namba anaweza kuwa Chacha au Mwita bila jina hilo kukusaidia chochote, maana Wakurya wako pande zote. Kinachozitenganisha ni kile ambacho hakikuandikwa: 255 au 254. Mtu hujaza pengo hilo kwa kuangalia amesimama wapi. Kompyuta haina habari imesimama wapi. Ni lazima aliyeitengenezea programu awe ameiwekea neno mahali fulani: 'TZ' au 'KE'.

Mahali gani hasa? Ndilo swali la sura hii, na wanaoanza kujifunza huliruka kwa sababu programu yao inafanya kazi hata wakikosea.

Tukumbushane kidogo. Neno kama 'TZ' kwa kompyuta ni mfuatano wa herufi, au stringi kama wasemavyo mafundi: herufi, tarakimu, nafasi na alama, zote zikiwa ndani ya alama za kunukuu. Namba ya simu nayo ni stringi, ijapokuwa tunaiita namba. Ukiihifadhi kama namba ya hesabu, sifuri ya mbele inayeyuka na 0712 inabaki 712. Kibadilika ni jina tunalolipa neno hilo ili tuliite baadaye. Kibadilika cha wote kinaonekana na kila anayetumia programu. Kibadilika cha sesheni ni cha mtumiaji mmoja kwa kipindi kimoja, tangu aingie mpaka atoke. Ukienda ofisi ya mtendaji wa kijiji utaviona vyote viwili: ubao wa matangazo ukutani, na karatasi ambayo mtendaji anaijaza kwa ajili yako peke yako ukiwa umekaa mbele yake.

Kwa lugha ya PHP, ambayo vijana wengi wa vyuo vyetu huanza nayo, suala la Sirari linaandikwa hivi:

const NCHI_YA_KAWAIDA = 'TZ';
session_start();
$nchi = $_SESSION['nchi'] ?? NCHI_YA_KAWAIDA;

Mstari wa kwanza ni ubao: wote ni Watanzania mpaka ijulikane vinginevyo. Wa pili unafungua sesheni. Wa tatu unauliza: je, huyu mtu amewahi kutuambia nchi yake? Kama ndiyo, chukua alilosema; kama sivyo, chukua la ubaoni. Zile alama mbili za kuuliza ndizo zinazobeba swali lenyewe. Mkenya wa Isebania akichagua Kenya kwenye fomu, tunaandika $_SESSION['nchi'] = 'KE'; na jambo hilo linamhusu yeye tu. Mama wa Tarime mjini anayetumia programu dakika hiyo hiyo anabaki 'TZ' wala hajui kuna aliyebadilisha kitu.

Ukitaka kuona sesheni kwa macho, fungua folda ambamo seva inazihifadhi. Utakuta faili lenye jina refu lisilotamkika, linaloanza na sess_, na ndani yake mstari kama huu:

nchi|s:2:"TZ";kijiji|s:7:"Robanda";

Herufi s inasema kilichomo ni stringi. Tarakimu 7 inasema stringi hiyo ina urefu wa baiti saba. Hesabu herufi za Robanda uone. Ile sehemu isiyotamkika ya jina la faili imenakiliwa kwenye simu ya mtumiaji kama kuki iitwayo PHPSESSID, na kila akibonyeza kitu, simu inaituma kuki hiyo nayo seva inakwenda kulichukua faili lake. Hakuna uchawi zaidi ya huo. PHP ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, faili ambalo halijaguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, linahesabiwa kuwa takataka na linaweza kufagiliwa wakati wowote.

Sasa tuache mpaka tuingie ndani ya mkoa wa Mara, maana Serengeti na Tarime zina mfano hai wa maneno ya wote ambao sioni mwingine unaoufikia. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanzishwa na Janet Chapman, umekuwa ukiwatumia watu wa kujitolea kuichora Tanzania ya vijijini kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri. Walioko mbali wanachora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti. Walioko vijijini wanatia majina, kwa kuwa hakuna setilaiti inayoweza kuona jina. Sababu ya kuanzia Mara haikuwa ya kitalii. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998, lakini msimu unapofika, hasa Desemba shule zikiwa zimefungwa, wapo wasichana wanaokimbia usiku, na anayetumwa kuwafuata anahitaji kujua kijiji kiko wapi. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama, na ramani hizo zimekuwa sehemu ya kazi yake.

Kila kitu kwenye ramani hiyo kinaelezwa kwa stringi mbili mbili: ufunguo na thamani, kila moja isizidi herufi 255. Kwa mji wa Mugumu, ufunguo ni name na thamani ni Mugumu. Hilo ni neno la wote kwa maana kamili kabisa, kwa sababu ukilibadilisha ukiwa Mugumu limebadilika London pia. Lakini uhariri wenyewe unafanyika ndani ya kipindi kinachofanana na sesheni. Kinafunguliwa, kinapewa stringi zake (maelezo ya kilichofanyika, jina la programu iliyotumika), kinapokea mabadiliko yasiyozidi 10,000, kisha kinafungwa. Ukikiacha wazi saa nzima bila kufanya kitu kinajifunga chenyewe, na hata ukikitumia mfululizo hakivuki saa 24. Maelezo ya sesheni yanabaki kwenye kumbukumbu za nani alifanya nini. Jina la kijiji linabaki kwenye ramani. Waliobuni mfumo huu walijiuliza mapema neno lipi ni la mahali na lipi ni la tukio, na sijaona mahali walipochanganya.

Majina yenyewe ni kazi nyingine. Kata ya Natta huandikwa pia Nata. Issenye utaikuta na s moja. Kwa msomaji ni kijiji kile kile. Kwa kompyuta 'Issenye' na 'Isenye' ni vitu viwili visivyojuana, na 'Issenye ' yenye nafasi moja mwishoni ni kitu cha tatu. Ukienda Tarime ukauliza Nyamongo, kila dereva anaijua, lakini ukitafuta Nyamongo kwenye orodha ya vijiji utapelekwa Nyangoto, Matongo, Kewanja na kwingineko kandokando ya mgodi wa North Mara. Kwa hiyo orodha ya majina rasmi, pamoja na majina ya mitaani yanayoelekeza kwenye hayo rasmi, inapaswa kuwa neno la wote, iwekwe mara moja na isiguswe na mtumiaji. Alichoandika mtumiaji kwa mkono wake kiwe cha sesheni mpaka kilinganishwe. Mtu asichafue ubao kwa sababu kidole kimeteleza.

PHP yenyewe iliwahi kuulegeza mpaka huo, na ikajuta. Kulikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals: chochote kilichokuja kwenye anwani ya ukurasa kiligeuka papo hapo kuwa kibadilika cha wote ndani ya programu. Ulikuwa urahisi mtamu. Sasa chukulia fundi ameandika kwamba kama $msimamizi ni kweli, onyesha orodha yote, na akasahau kukipa kibadilika hicho thamani ya kuanzia. Mtu yeyote aliongeza ?msimamizi=1 mwishoni mwa anwani, na mlango ukawa wazi. Toleo la 4.2.0 la mwaka 2002 lilizima mpangilio huo kama jambo la kawaida. Toleo la 5.4 la mwaka 2012 liliuondoa kabisa. Miaka kumi ilipita katikati kwa sababu programu za watu wengi zilikuwa zimeuzoea.

Hata hivyo PHP ina tabia moja inayowaokoa wazembe: kila ombi linalofika kwenye seva likimalizika, inasahau kila kitu. Vibadilika vya wote vya ombi moja havimfikii mtu wa ombi linalofuata. Hatari kubwa iko kwenye lugha ambazo programu huwashwa mara moja ikabaki hai siku nzima. JavaScript ya upande wa seva ni mojawapo. Hapo nataka tukae kidogo.

Tuchukue programu ya kubuni, ya kupokea taarifa kutoka vijijini na kuzituma kwa aliye zamu, kwa mfano Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwanafunzi ameiandika hivi:

let kijiji = '';
app.post('/taarifa', async (ombi, jibu) => {
  kijiji = ombi.body.kijiji;
  await hifadhi(ombi.body);
  await mjulisheWaZamu(kijiji);
  jibu.send('Imepokelewa');
});

Anaijaribu mwenyewe. Anaandika Robanda, ujumbe wa zamu unasema Robanda. Anaandika Machochwe, unasema Machochwe. Anawaonyesha wenzake, wanampigia makofi. Programu inafanya kazi mwezi wa sita, wa saba, wa nane, bila kelele.

Kosa liko kwenye mstari wa kwanza. Kibadilika kijiji kimewekwa nje ya kazi (function) inayopokea taarifa, kwa hiyo ni kimoja kwa watu wote. Taarifa ya Robanda inapoingia, kijiji kinakuwa 'Robanda', kisha programu inafika kwenye await na kusubiri data ihifadhiwe. Inaposubiri haikai bure. Inamhudumia mwingine. Kama katika nusu sekunde hiyo taarifa ya Machochwe itaingia, kijiji kinageuka kuwa 'Machochwe'. Data ya kwanza ikishahifadhiwa, programu inarudi pale ilipoachia, inasoma kijiji, inakuta Machochwe, na kumjulisha wa zamu jina hilo. Baadaye kidogo inamjulisha Machochwe tena kwa taarifa ya pili. Wa zamu anaona ujumbe uleule umekuja mara mbili, anadhani ni mtandao, anaelekea Machochwe. Robanda haendi mtu.

Hakuna ujumbe wa hitilafu. Kila mstari umefanya ulichoambiwa. Na kwa nini kosa halikuonekana Juni? Kwa sababu Juni taarifa zilikuwa chache, zimeachana kwa saa au siku, na mbili hazikukutana ndani ya nusu sekunde. Zinakutana Desemba. Kosa la aina hii hulala msimu wa utulivu na kuamka siku ambayo programu inahitajika kweli, ndiyo maana simwamini fundi anayeniambia ameijaribu sana akiwa peke yake. Peke yako huwezi kulikamata hata ukijaribu mwaka mzima. Fungua simu mbili, tuma kwa pamoja, na uicheleweshe kwa makusudi ile hatua ya kuhifadhi. Litajitokeza mara ya kwanza.

Dawa ni fupi kuliko maelezo: futa mstari wa kwanza, na ndani ya kazi andika const kijiji = ombi.body.kijiji; basi. Sasa kila taarifa ina kijiji chake. Kama jina hilo linahitajika kwenye ukurasa wa pili na wa tatu wa fomu, liweke kwenye sesheni. Kuna wanaojitetea kwamba kibadilika cha wote kinarahisisha kazi kwa kuwa unakifikia popote. Kweli, na kila mtu mwingine anakifikia popote.

Hifadhidata nazo zina mgawanyo huu, ila kwa sura nyingine. Kwenye MySQL kuna mipangilio kadhaa ambayo thamani yake ni stringi, na unaoumiza watu wengi huku kwetu ni ule wa saa. Seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya au Marekani na zimewekwa kwenye saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Taarifa ikitumwa kutoka Mugumu saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, seva inaandika saa nne usiku, tarehe 30 Novemba. Si saa tu iliyopotea, na mwezi umekwenda. Ripoti ya Desemba inapungukiwa, ya Novemba inazidi, na hati ikihitajika polisi ina tarehe ambayo shahidi ataikana.

Kuna namna mbili za kurekebisha:

SET GLOBAL time_zone = '+03:00';
SET SESSION time_zone = '+03:00';

Ukiandika SET time_zone bila neno la katikati, MySQL inaelewa sesheni. Na sesheni hapa si ya mtu aliyeshika simu. Ni ya muunganisho mmoja kati ya programu na hifadhidata. Wa pili unabadilisha muunganisho huo tu, na ukikatika, umekwisha. Wa kwanza unabadilisha neno la wote, lakini kwa namna ambayo wengi hawaitarajii: unawahusu watakaounganishwa kuanzia sasa. Miunganisho iliyokuwa wazi tayari ilinakili thamani ya zamani ilipoanza, na itaendelea nayo. Kwa kuwa programu nyingi huacha miunganisho wazi kwa muda mrefu ili kuongeza kasi, utabadilisha saa asubuhi na mchana utakuta taarifa nyingine ziko sawa, nyingine ziko nyuma kwa saa tatu, zimechanganyika. Kama safu yako ni ya aina ya TIMESTAMP utasalimika, kwani MySQL huitunza kwa saa ya dunia na kuigeuza inaposomwa. Kama ni DATETIME iliyojazwa kwa NOW(), imeandikwa ilivyoandikwa, na hakuna alama ya kukuonyesha ipi ni ipi. Zaidi ya hayo, seva ikizimwa na kuwashwa, SET GLOBAL inapotea. Toleo la 8.0 lilileta SET PERSIST, inayoliandika neno kwenye faili ili lidumu.

Ushauri wangu ni uchoshi mtupu: hifadhi kwa saa ya dunia kwenye safu ya TIMESTAMP, na weka '+03:00' kwenye sesheni ya kila muunganisho unaofunguliwa kwa ajili ya kusoma ripoti. Anayependa jina badala ya tarakimu anaweza kuandika 'Africa/Dar_es_Salaam' baada ya kupakia majedwali ya majira. Asishangae tu akigundua kwamba kwenye orodha ya majira ya dunia jina hilo siku hizi ni lakabu ya 'Africa/Nairobi'. Mpaka wa Sirari, unaosumbua namba za simu, kwenye saa haupo.

Nimeacha USSD mwisho kwa sababu huko sesheni ndiyo kila kitu. Simu ya tochi haina kuki wala faili. Mtu anapiga nyota, namba na alama ya reli, anajibu menyu, na kampuni ya simu inapeleka majibu yake kwenye seva yako. Ukipitia Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2010, kila hatua unapokea stringi chache: sessionId, phoneNumber, serviceCode na text. Hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba safari nzima. Mtu akichagua 1, text ni '1'. Akiandika kijiji, inakuwa '1*Robanda'. Akichagua 2, '1*Robanda*2'. Unaikata kwenye nyota na kuhesabu vipande ili ujue amefika wapi. Jibu lako likianza na CON, mazungumzo yanaendelea. Likianza na END, yamefungwa. Ujumbe wa skrini moja hauzidi herufi 182, kwa hiyo maneno ya wote, yaani maswali yenyewe, yaandikwe kwa ubahili.

Tatizo linakuja mtandao ukikatika kabla ya kumaliza, na huko kwenye vilima vya Tarime unakatika. Akipiga upya anapewa sessionId mpya na text tupu. Fundi mwenye huruma anashawishika kuhifadhi majibu nusunusu kwa kutumia phoneNumber kama ufunguo, ili mtu aendelee alipoishia. Kwa programu ya kulipia maji ningemwambia fanya. Kwa programu ya taarifa kama zile za Desemba ningemkatalia, maana simu mara nyingi ni ya nyumba nzima. Msichana ameazima ya baba, amefika '1*Robanda', mtandao umekatika, simu imerudi mezani. Atakayepiga namba ile ile baada yake ndiye atakayeulizwa kama anataka kuendelea na taarifa ya Robanda. Sesheni ikikatika, majibu yake yafutwe yote, hata kama msichana atalazimika kuanza upya toka swali la kwanza.